Usiniambie Umewahoji Wangapi, Niambie Umewapataje

Mwanafunzi anayejiandaa kwenda nyanjani Kisii au Nyamira huwa na swali moja kwa msimamizi wake: "Niwahoji watu wangapi?" Afisa wa wadi anayetaka kujua kama wakulima wameridhika na huduma za ugani huuliza lilo hilo. Katibu wa chama anayepima kama wanachama watakubali kuongeza mchango naye huanzia hapo hapo. Swali ni halali, ila limekuja kabla ya zamu yake. La kwanza ni hili: watu hao utawapata kwa njia gani? Ukikosea hapo, mia nne hawatakuokoa, na elfu nne watakudanganya zaidi, kwa sababu wingi wao utakupa ujasiri usiostahili.

Tuimalize hesabu kwanza, maana ndiyo inayotisha watu bure. Fomula inayopendwa sana vyuoni ni ya Taro Yamane ya mwaka 1967. Unachukua idadi ya watu wote, unaizidisha kwa mraba wa kiwango cha makosa unachoweza kuvumilia, unaongeza moja, kisha unaigawanya idadi ile ya kwanza kwa jibu ulilopata. Sensa ya Agosti 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 Nyamira. Weka makosa ya asilimia 5, yaani 0.05, upige hesabu. Kisii inakupa 400. Nyamira nayo inakupa 400. Kaunti moja ina watu zaidi ya mara mbili ya nyingine, na sampuli ni ile ile. Wanaotumia jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka 1970 hupata 384, na sioni sababu ya kugombana na mtu juu ya hao 16.

Usahihi, basi, unategemea umewahoji watu wangapi, wala hautegemei hao ni sehemu gani ya watu wote, mradi watu wote ni wengi. Ndiyo maana naiogopa ile kanuni ya asilimia 10 hadi 30 inayonukuliwa kutoka kitabu cha Mugenda na Mugenda karibu katika kila tasnifu nchini Kenya. Asilimia 10 ya Kisii ni watu 126,686, na utazeeka ukiwahoji. Asilimia 10 ya wakulima 300 ni 30, na hapo kiwango cha makosa kinafika takriban pointi 17 kila upande: wakikuambia asilimia 60 wameridhika, ukweli waweza kuwa popote kati ya 43 na 77. Kwa wakulima 300 Yamane angekutaka uhoji 172. Kundi likiwa dogo kiasi hicho, mara nyingi ni heri uwahoji wote uachane na sampuli.

Ule usemi wa "uhakika wa asilimia 95" nao husomwa vibaya. Maana yake ni kwamba utafiti huu ukirudiwa mara mia kwa njia ile ile, kila mara na sampuli mpya, makadirio yatakayotoka yataubana ukweli kati ya mipaka yake mara 95 hivi. Zile nyingine tano utakuwa umekosa, na hutajua ni zipi.

Hesabu yote hiyo imejengwa juu ya sharti moja ambalo fomula yenyewe haiwezi kulikagua: kwamba kila mtu katika kundi lengwa alikuwa na nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa. Fomula haijui kama wale 400 uliwaokota Daraja Mbili siku ya soko. Itakupa jibu lile lile, lenye desimali zile zile.

Nasibu inahitaji orodha, na orodha ndiyo kazi ngumu. Chukua kituo kimoja cha kununulia majani ya chai, tuseme kina wakulima 300 walioandikishwa, nawe unataka 60. Unaweza kuandika namba kwenye vikaratasi, ukavichanganya na kuchomoa, au ukaiachia kompyuta ichague. Unaweza pia kwenda kwa hatua: 300 ukigawa kwa 60 ni 5, basi piga kura kupata namba ya kuanzia kati ya 1 na 5. Ikitoka 3, wachukue wa 3, wa 8, wa 13 na kuendelea. Njia hii ni nyepesi, ila kwanza itazame orodha ilivyopangwa. Ikiwa imefuata mpangilio unaojirudia, hatua zako zinaweza kugongana nao ukaishia kuchukua watu wa aina moja.

Halafu jiulize orodha hiyo imemwacha nani. Namba ya mkulima kiwandani mara nyingi ni ya baba wa boma, wakati anayechuma ni mke, mkaza mwana au kibarua. Mwenye namba huenda anaishi Nairobi, huenda alishafariki. Aliyekodi shamba hayumo. Anayeuza majani yake kwa wachuuzi nje ya kiwanda hayumo pia. Kama kichwa cha utafiti wako kinasema "wakulima wa chai Nyamira" na orodha ni ya "wenye namba kiwandani", kibadilishe kichwa au uitafute orodha nyingine. Wengi hawafanyi lolote kati ya hayo mawili. Wanaandika sentensi moja kwenye sura ya tatu kisha wanaendelea.

Nyamira inatupa sababu nzuri ya kugawa watu kwa matabaka kabla ya kuchagua. Borabu ni eneo lililokuwa la walowezi, likagawiwa wananchi kama skimu ya makazi wakati wa uhuru, na mpaka leo mashamba yake kwa jumla ni makubwa kuliko yale ya Kitutu Masaba au Mugirango, ambako ardhi imekatwa na kukatwa tena kila wana waliporithi. Ukiuliza juu ya ng'ombe wa maziwa au matrekta bila kutenga Borabu, matokeo yatategemea bahati imekuletea watu wangapi wa huko. Basi chagua kwa nasibu ndani ya kila tabaka.

Ila ukiunganisha, pima uzito. Tuseme tabaka la kwanza lina kaya 9,000 na la pili 1,000, nawe umehoji 100 kila upande. La kwanza asilimia 30 wana ng'ombe wa gredi, la pili asilimia 70. Ukijumlisha na kugawa kwa mbili unapata 50. Jibu sahihi ni 34, kwa kuwa tabaka la kwanza ndilo lenye watu tisa kati ya kila kumi. Kosa hili hupita mbele ya wasahihishaji likiwa na jedwali zuri na grafu ya rangi.

Kaunti nzima haina orodha ya kaya utakayopewa mkononi, kwa hiyo watafiti wakubwa huchagua maeneo kwanza, kisha kaya ndani ya maeneo hayo. Utafiti wa kitaifa wa Demografia na Afya wa mwaka 2022, ulioendeshwa na Shirika la Taifa la Takwimu, KNBS, ulifanya hivyo: vishada 1,692 nchini kote, kaya 25 katika kila kishada, jumla 42,300. Kwa kaunti 47 hiyo ni wastani wa kaya 900 kila moja. Zinatosha kusema jambo juu ya Kisii. Hazitoshi kusema jambo juu ya eneo bunge la Bobasi peke yake, hata mwanasiasa akitaka.

Ukiiga mtindo huo, ujue gharama yake. Majirani hufanana. Wanateka maji chemchemi moja, watoto wao wanasoma shule moja, mvua ya mawe ikipiga inawapiga wote. Kaya ya ishirini katika kijiji kimoja haikuambii mengi ambayo zile kumi na tisa hazijakuambia. Ukichukua vijiji 20 na kaya 20 kila kimoja, kufanana kwa majirani hata kwa kiwango kidogo cha 0.05 kunaifanya sampuli yako ya 400 ifanye kazi ya watu 205 hivi. Tiba ni kuongeza vijiji na kupunguza kaya: vijiji 40, kaya 10. Nauli ya bodaboda itapanda. Lipa.

Sasa tufike kijijini. Umeripoti kwa chifu kama inavyotakiwa, na chifu, kwa wema wake, anakupa mzee wa kijiji akupeleke. Mzee atakupeleka kwa watu wanaoongea vizuri, nyumba za karibu na barabara, marafiki zake, na kaya ambayo mradi fulani uliijengea tangi. Robert Chambers aliieleza tabia hii mwaka 1983 katika kitabu chake kuhusu maendeleo ya vijijini: wageni huona vijiji vya kando ya lami, msimu wa kiangazi, na huzungumza na wanaume wenye nafasi. Nenda barabara ya Kisii kuelekea Keroka uone ilivyo rahisi kufanya utafiti mzima bila kuchafua viatu. Kisha ukumbuke milima hii: kaya maskini mara nyingi ziko chini bondeni, mwisho wa njia ambayo bodaboda hukataa mvua ikinyesha. Mshukuru mzee, mpe heshima yake yote, ila orodha ya majina iwe imechaguliwa kabla hujamfikia. Ukimwambia kompyuta ndiyo iliyochagua, hakasiriki. Umemwondolea lawama kwa majirani.

Siku nayo huchagua watu. Kisii na Nyamira zina Wasabato wengi sana, kwa hiyo ukienda Jumamosi nyumba zao utazikuta zimefungwa, na Jumapili utawakosa Wakatoliki. Siku ya soko utawakuta wazee na watoto. Saa tano asubuhi, siku yoyote ya kazi, utawahoji wanawake na wastaafu, kisha utaandika kwamba asilimia 70 ya wakazi ni wanawake kana kwamba umegundua jambo. Panga kurudi kwenye nyumba iliyofungwa angalau mara mbili, saa tofauti, na usimchukue jirani kwa sababu yuko. Aliye nyumbani kila wakati ana maisha tofauti na asiyepatikana, na huenda tofauti hiyo ndiyo unayoitafiti.

Ndani ya nyumba, nani ajibu? Ukiwaachia wenyewe, atajibu baba, au kijana aliyesoma. Leslie Kish alitengeneza mwaka 1949 jedwali la kumchagua mtu mzima mmoja kwa nasibu katika kaya, na wengine hutumia njia nyepesi ya kumchukua ambaye siku yake ya kuzaliwa inafuata. Kabla ya hapo, amua kaya ni nini. Boma moja la Gusii linaweza kuwa na nyumba ya wazazi, nyumba za wana wawili waliooa na jiko zaidi ya moja. Wanaopika na kula pamoja chini ya mkuu mmoja ni kaya moja. Waandikie wasaidizi wako maelezo hayo, la sivyo kila mmoja atahesabu kivyake.

Hojaji nyingi hapa huandikwa kwa Kiingereza na kusomwa kwa Ekegusii papo hapo, mlangoni, na kila msaidizi akitafsiri anavyojua. Ukiwa na wasaidizi sita, una hojaji sita tofauti zenye jina moja. Tafsiri mara moja, kwa maandishi, kisha mpe mtu mwingine ambaye hajaiona ya Kiingereza airudishe. Palipopotoka patajitokeza. Ijaribu kwa watu kumi hivi wasiokuwa kwenye sampuli.

Na kuna maswali ambayo mtu hawezi kukujibu kweli hata ukiyatafsiri vizuri namna gani. Utafiti wa Demografia na Afya wa 2008/09 ulionyesha kuwa asilimia 96 ya wanawake wa Kigusii walikuwa wamekeketwa, na ule wa 2014 ukaonyesha 84. Kati ya tafiti hizo mbili, mwaka 2011, ilitungwa sheria iliyoharamisha ukeketaji. Mila inapungua kweli, lakini swali lenyewe linamtaka mtu azungumzie kosa la jinai mbele ya mgeni mwenye kalamu. Kiasi gani cha punguzo ni mabadiliko na kiasi gani ni tahadhari, jibu la mdomo peke yake haliwezi kutenganisha. Kwa mambo ya namna hii mtume mwanamke kwa mwanamke, msaidizi asiye wa kijiji hicho, wakae faragha, na usiandike jina.

Yote niliyosema hadi sasa yanahusu kueleza hali ilivyo. Ukitaka kusema jambo moja linasababisha jingine, unahitaji mpango mwingine kabisa, na hakuna mfano bora kuliko uliotokea saa mbili hivi kutoka Kisii kwa matatu. Kwa miaka mingi watafiti waliona kwamba sehemu za Afrika ambako wanaume hutahiriwa zilikuwa na maambukizi machache ya virusi vya UKIMWI kuliko zile ambako hawatahiriwi. Nyanza ilikuwa na hali zote mbili bega kwa bega: Abagusii wanaotahiri wavulana tangu enzi, na majirani Waluo ambao kwa desturi hawakutahiri. Wengi walitaka kuhitimisha hapo. Lakini Gusii na kandokando ya ziwa hutofautiana kwa mengi: madhehebu, biashara, safari, umri wa kuoa, mila za ndoa. Lipi kati ya hayo lilikuwa linafanya kazi? Kuwatazama watu tu, hata wawe milioni, kusingetoa jibu.

Jibu lilipatikana Kisumu. Kuanzia 2002, Robert Bailey na wenzake waliandikisha wanaume 2,784 wa umri wa miaka 18 hadi 24, wote hawajatahiriwa na wote wamekubali kutahiriwa. Wakawagawa kwa bahati nasibu: 1,391 watahiriwe mara moja, 1,393 wangoje. Bahati nasibu ndiyo iliyofanya kazi yote. Walevi, wacha Mungu, wavuvi na wanafunzi waligawanyika pande zote mbili takriban sawa, pamoja na tofauti ambazo hakuna aliyefikiria kuzipima. Baada ya miaka miwili walioambukizwa walikuwa 22 upande wa waliotahiriwa mara moja na 47 upande wa waliongoja. Desemba 2006 jaribio lilisimamishwa mapema kwa sababu za maadili, na waliokuwa wakingoja wakapewa nafasi ya kutahiriwa. Majaribio ya Rakai, Uganda, na Orange Farm, Afrika Kusini, yalitoa picha hiyo hiyo, na mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani likapendekeza tohara kama njia mojawapo ya kinga.

Wewe huna fedha za jaribio kama lile, lakini una shamba. R. A. Fisher alianzisha ugawaji nasibu kwenye mashamba ya Rothamsted, Uingereza, miaka ya 1920, akihangaika na tatizo ambalo mkulima wa Kisii analijua vizuri: udongo haulingani. Ukipanda mahindi yenye mbolea mpya chini ya mteremko na yenye mbolea ya kawaida juu, umepima mteremko. Mvua hushusha rutuba bondeni, na mbolea itasifiwa kwa kazi ya mvua. Gawa shamba kwa mikanda mitatu, juu, katikati na chini. Ndani ya kila mkanda tenga vipande, kisha urushe sarafu kujua kipi kipate mbolea gani. Kisha linganisha ndani ya mkanda. Mtu anayekuletea mbegu au dawa mpya na ushuhuda wa "mkulima mmoja Kenyenya alivuna mara tatu" hajakuletea ushahidi wowote, muulize mkulima huyo alilinganisha na nini.

Juu ya wastani nitasema machache. Wakulima kumi wakiwa tisa wana nusu ekari na mmoja ana ekari 15, wastani ni karibu ekari 2, na hakuna hata mmoja mwenye ekari 2. Wapange kuanzia mdogo hadi mkubwa, umtazame wa katikati: nusu ekari. Kwa ardhi, mapato na bonasi ya chai, andika yote mawili.

Si kila utafiti unahitaji nasibu. Robert LeVine na Barbara LeVine waliishi Gusii katikati ya miaka ya 1950 wakichunguza malezi ya watoto katika jamii ndogo waliyoipa jina Nyansongo, na kazi yao ingali inasomwa. Hawakusema asilimia ngapi ya Abagusii wanafanya nini. Walieleza jinsi jambo linavyokuwa na kwa nini. Ukiwachagua wachongaji 12 wa eneo la Tabaka kwa sababu wanaijua kazi ya mawe, umefanya sawa, ilimradi usituletee asilimia mwishoni. Vilevile fomu ya mtandaoni uliyoitupa kwenye kundi la WhatsApp inaweza kukupa mawazo, haiwezi kukupa kauli juu ya kaunti.

Kwa hiyo, kabla hujachapisha hojaji na kabla hujaomba kibali cha utafiti kutoka tume ya taifa ya sayansi, NACOSTI, andika ukurasa mmoja. Eleza kundi lengwa ni nani hasa, orodha uliipata wapi na imemwacha nani, mtu alichaguliwaje kutoka kwenye orodha hadi ndani ya nyumba, utarudi mara ngapi usipomkuta, na kulinganisha kwako kunategemea nini. Mpelekee msimamizi huo kabla ya sura ya kwanza. Na siku ya kuandika matokeo, ikiwa ulichagua 400 ukawapata 290, andika 290, useme waliokosekana walikuwa wapi.